Neno Kabla ya Mashine: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Elimu na Lugha

Kwa Waziri wa Elimu. Kwa wakuu wa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD). Kwa wachapishaji wa vitabu vya shule. Na kwa nyote mnaoketi katika kamati za istilahi za Kiswahili.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa hapa Nairobi, upande wa Eastlands. Ombi langu ni moja, na nalitanguliza kwa kuwa najua meza zenu zimejaa barua: zifungulieni hadithi za kubuni za kisayansi mlango wa madarasa yetu ya Kiswahili. Zisomwe kama vitabu vya lazima, wanafunzi waziandike, na wanapoziandika wasahihishwe kwa haki.

Sababu yangu ni maneno. Wengi huamini kwamba msamiati wa teknolojia hutoka maabara, au hutungwa na wataalamu waliokutana hotelini wakatoka na orodha. Mengi tunayoyatamka mchana kutwa hayakutoka huko. Yalitungwa na waandishi wa hadithi, tena wakati vitu vyenyewe havijakuwapo.

Chukueni roboti. Mwaka 1920 mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alichapisha tamthilia ya R.U.R., ikapanda jukwaani Prague mwaka uliofuata. Ndani yake mna viumbe walioundwa kiwandani ili wafanye kazi bila kuchoka wala kudai mshahara, na Čapek hakuwa na jina la kuwaita. Nduguye Josef, aliyekuwa mchoraji, ndiye aliyempa hilo la roboti, kutokana na robota, yaani kazi ya shokoa waliyofanyishwa wakulima na wenye mashamba. Duniani kote hapakuwa na chombo hata kimoja kilichostahili kuitwa hivyo. Roboti ya kwanza ya viwandani, Unimate, ilianza kazi katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey mwaka 1961. Neno lilitangulia kitu kwa miaka 40. Na katikati hapo, mwaka 1941, Isaac Asimov akalitumia katika hadithi yake jina la taaluma nzima, robotiki, akidhani watu wameshalizoea. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulichapisha.

Virusi vya kompyuta navyo ni vivyo hivyo. David Gerrold alikuwa ameshasimulia programu iitwayo virusi, inayoruka kutoka mashine moja hadi nyingine, katika riwaya ya 1972. Fred Cohen alikuja kuandika utafiti wake wa kitaalamu juu ya virusi hivyo mwaka 1984. Metavasi, yaani ulimwengu wa kubuni unaoingiwa kwa kompyuta, ilizaliwa katika riwaya ya Neal Stephenson ya 1992, na ilipofika 2021 kampuni ya Facebook ikabadili jina lake ili ifanane nayo.

Lakini neno ninalotaka mlitazame kwa karibu ni saiba, kwa kuwa limekuwa la kwetu kabisa. Asili yake ya mbali ni sibanetiki, taaluma ya jinsi mashine na viumbe wanavyojiongoza, aliyoitangaza Norbert Wiener mwaka 1948. Aliyelishusha hadi mitaani ni William Gibson, aliyebuni neno saibaspesi, yaani ulimwengu ulio ndani ya mitandao ya kompyuta, katika hadithi fupi ya 1982 kisha akalieneza kwa riwaya yake ya 1984, riwaya aliyoiandika kwa taipureta isiyo ya umeme. Neno likakatwa mkia, likavuka bahari, likafika kwetu. Leo ukishuka Githurai, Kayole au River Road, saiba haihitaji maelezo. Ni chumba chembamba chenye kompyuta chache, printa inayokwama karatasi, bei za kuchapisha zilizobandikwa ukutani kwa selotepu, na kijana anayezijua kona zote za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mama anaingia na kitambulisho mkononi: "Kijana wangu, nisaidie na hiyo fomu ya mkopo wa masomo wa HELB ya mtoto." Anayemfuata anatafuta cheti cha tabia njema. Wa tatu amekuja kujaza ritani za kodi za KRA jioni ya tarehe 30 Juni, siku ya mwisho, na jasho linamtoka. Hawa wote hawakuisoma riwaya ya Gibson na hawakuhitaji kuisoma. Neno lilishatoka kitabuni zamani, likapata kazi Nairobi.

Huo ndio mpangilio ninaowaomba muutilie maanani. Mtunzi wa hadithi hukitaja kitu kingali njiani. Kamati hukipa jina kikiwa kimeshaingia sebuleni na kimeshazoeleka kwa jina la kigeni. Ndiyo maana tuna tarakilishi na ngamizi vitabuni na kompyuta kinywani. Tuna rununu kwenye karatasi ya mtihani, na simu mfukoni. Sibezi kazi ya wanaistilahi hata kidogo: barua pepe, tovuti na kikotoo ni maneno mazuri, yametulia, na nawashukuru waliotupa. Ila neno lililo kwenye orodha halina anayelisema. Katika hadithi neno huja na mtu mwenye njaa, au mwenye hofu, au anayemtafuta mamake, na msomaji hulishika kwa sababu amemshika yule mtu.

Wala isisemwe kwamba Wanairobi hawapendi Kiswahili. Fuliza ni kitenzi cha zamani, maana yake kufanya jambo mfululizo, na kilikuwa kimelala kamusini. Januari 2019 Safaricom ikakifanya jina la huduma yake ya kukopa kwenye M-Pesa, na tangu hapo hamna haja ya kumfafanulia mtu yeyote jijini maana ya nimefuliza. Walevi wanalitumia, wahubiri wanalitumia, watoto wanalitumia wakiomba kalamu kwa jirani. Jiji hili hulipokea neno la Kiswahili mara moja likiwa na kazi ya kufanya.

Kuwaachia wengine kazi ya kutaja mambo yajayo kuna gharama, na gharama hiyo huvuka mipaka ya lugha. Anayebuni neno hutia ndani yake macho yake mwenyewe. Ipo silaha ya umeme inayobebwa na askari wa nchi nyingi, inaitwa taser. Jack Cover, mtafiti wa Kimarekani aliyeibuni katika miaka ya 1970, aliunda jina hilo kwa herufi za kitabu cha vijana cha 1911 kuhusu mvumbuzi Tom Swift na bunduki yake ya umeme. Kisa hicho kimewekwa Afrika. Kijana anakuja na bunduki yake kuwinda ndovu, na Waafrika anaokutana nao wamechorwa kama washenzi wa kufyatuliwa risasi pamoja na wanyama. Kitabu kimesahaulika. Jina lingali kiunoni mwa askari, na hakuna anayekumbuka kwamba bara lililotumiwa kuipima bunduki ile ya kubuni ni letu.

Upo upande wa pili, na huo hunitia moyo. Mwezi Septemba 1966 Wamarekani walianza kuonyesha Star Trek kwenye televisheni. Miongoni mwa maofisa wa chombo cha angani alikuwapo mwanamke Mweusi, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, na jina lake Uhura lilitoholewa kutoka uhuru. Katika kipindi kimoja cha 1967 mashine inamfuta kumbukumbu zote. Anapofunzwa kusoma Kiingereza upya na kukwama, anakimbilia Kiswahili. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, pwani yetu karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Nasi Aprili 2023 tukarusha setilaiti yetu, Taifa-1. Kwa hiyo Kiswahili kimekuwa angani zaidi ya nusu karne, mara ya kwanza kwenye hadithi na mara ya pili kwenye roketi, na mara zote mbili wageni ndio waliokipeleka. Watunzi wa Hollywood walikiona kikisemwa karne ya 23. Sisi tunakiona kikisemwa kwenye ngano za Sungura na Fisi, ambazo nazipenda na nazifundisha, na kwenye riwaya za ufisadi na mirathi.

Mtaniambia kwamba fasihi ya namna hii haipo. Ipo, nayo ni yenu. Shaaban Robert aliiweka Kusadikika hewani, nchi isiyokanyaga ardhi, katika kitabu kilichotoka 1951. Katama Mkangi, mzaliwa wa pwani yetu, aliandika Walenisi, ikachapishwa hapa Nairobi mwaka 1995: Dzombo anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani kama adhabu, akaishia kwenye sayari ambako watu wanaishi kwa usawa. Jina la sayari ni sentensi nzima iliyoshikamana, wale ni sisi, na mwanafunzi akishaligundua hilo hulirudia siku nzima. Kyallo Wadi Wamitila akaja na Bina-Adamu! mwaka 2002. Kisha mwaka 2009 Wanuri Kahiu akatengeneza Pumzi, filamu fupi kuhusu Afrika Mashariki ya baada ya vita vya maji, ambako watu wanaishi chini ya paa na ndoto zinazuiwa kwa vidonge. Mwaka uliofuata ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani. Jina lake ni la Kiswahili na lugha yake ni Kiingereza. Simlaumu msanii hata chembe, kwani pesa za filamu zina lugha yake. Nawauliza ninyi mlio na uwezo wa kununua vitabu kwa maelfu ya nakala: kwa nini mtoto wa Kenya amalize shule akiwa amekutana na mashine za kubuni kwa Kiingereza peke yake?

Sasa niwapeleke darasani kwangu.

Niliwapa wanafunzi insha kuhusu safari ya mjini miaka 30 ijayo. Msichana mmoja aliandika kuhusu matatu isiyo na dereva wala makanga. Hakuiita gari linalojiendesha, kama nilivyotarajia. Aliiita jiendee. Sentensi zake bado ninazo: "Jiendee lilisimama Kencom bila breki kulia. Hapakuwa na makanga wa kugombana naye juu ya chenji. Nyanya akapanda, akaangalia kushoto na kulia, akauliza hewa: Sasa nikipungukiwa na nauli nitambembeleza nani?"

Nilisoma mstari huo mbele ya darasa, na wale ambao kila siku hushuka kwenye matatu wakiwa wamesamehewa shilingi 10 walinyamaza. Swali la yule nyanya ni zito kuliko mengi niliyosikia kwenye makongamano ya teknolojia. Anauliza huruma itakaa wapi kwenye gari lisilo na mtu. Na neno lilifanya kile ambacho maneno ya kubuni hufanya yakiwa na bahati: likatoka kwenye insha. Mwalimu wa somo fulani akikosa kuja, wakaanza kusema kipindi ni jiendee. Kikundi cha WhatsApp ambacho msimamizi amekitoroka kikawa jiendee. Kisha likapata maana ambayo mimi mwenyewe nisingeiwaza, nayo sasa inatumika hata na madarasa mengine: kazi iliyoandikwa na akili bandia na kuletwa kwa mwalimu kama ya mwanafunzi huitwa insha ya jiendee. Hakuna aliyewafundisha. Neno lina ngeli, lina wingi, lina maana ya wazi na ya kuchimba, na ni Kiswahili mwanzo hadi mwisho.

Insha hiyo hiyo iliingia kwenye mtihani wa pamoja wa shule kadhaa, ikasahihishwa kwingine. Ilirudi ikiwa na duara la wino mwekundu kila mahali palipoandikwa jiendee, na pambizoni maneno mawili: "Halipo kamusini." Alama za msamiati zilikatwa. Msichana alinionyesha karatasi bila kusema lolote, na insha yake iliyofuata ilikuwa kuhusu harusi ya shangazi, imeandikwa kwa usafi, yenye methali zote mahali pake, wala haikuwa na neno hata moja ambalo sikulijua.

Simlaumu msahihishaji binafsi, alifuata mwongozo. Mwongozo ndio wa kurekebishwa. Sisemi kila tamko la mwanafunzi lipokewe. Mwalimu yeyote mzoefu anaweza kupambanua neno lililokosewa na neno lililoundwa: lililoundwa hufafanuliwa na kisa, hufuata ngeli moja toka mwanzo hadi mwisho, na hutokana na mzizi unaoonekana. Hayo yanaweza kuandikwa katika mwongozo wa usahihishaji kwa aya moja, na aya hiyo ingewaokoa watoto wengi.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, nalo linarudi kwa Čapek na ile kazi ya shokoa. Mapema mwaka 2023 iliripotiwa kimataifa kwamba vijana hapa Nairobi walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji wa watoto, siku baada ya siku, na kuyawekea alama ili programu ya akili bandia ijifunze kuyatambua. Baadhi yao walieleza jinsi kazi hiyo ilivyowaharibu akili na ndoa. Ndani ya mashine inayosifiwa dunia nzima kwamba inajibu yenyewe, kuna macho ya vijana wetu. Nao hawana jina. Kwa mashine tuna majina matatu yanayoshindana, akili bandia, akili unde na akili mnemba, na vikao vinaendelea kubishana lipi bora. Kwa mtu aliyekaa nyuma ya mashine hatujaketi hata kikao kimoja.

Mwandishi wa Prague alikitazama kiwanda cha zama zake akauliza nani atabeba mzigo, na swali lake limo ndani ya neno roboti mpaka leo kwa yeyote atakayelichimba. Kijana wa Umoja au Mathare ambaye dadake alifanya kazi ile ana haki ya kuuliza swali kama hilo kwa lugha yake. Akiandika hadithi nzuri, atampa dadake jina. Na jina hilo likishika, wabunge watalitumia bungeni na mawakili mahakamani, kwa kuwa ni vigumu kumtetea mtu asiyeitwa chochote.

Mtaala mpya unaweza kulisaidia hili au kulizuia, na kwa sasa naona unalizuia pasipo kukusudia. Katika shule ya sekondari ya juu Kiswahili kimebaki somo la lazima, jambo la kushukuru. Lakini Fasihi ya Kiswahili imewekwa katika njia ya Sayansi za Jamii, na anayechagua njia ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, anaweza kumaliza Gredi ya 12 bila kuifungua. Maana yake ni kwamba anayejifunza kuunda mashine na anayejifunza kuzisimulia wanatenganishwa wakiwa na miaka 15. Naomba Kiswahili kile cha lazima kiwe na angalau kitabu kimoja cha hadithi za kubuni za kisayansi, ili anayekwenda kusomea uhandisi akipitie pia. Walenisi inaweza kurudishwa madukani hata kesho. Vingine wachapishaji waviagize kwa waandishi wapya na kuwalipa kabla, maana bila hakikisho la shule hakuna mchapishaji atakayethubutu, nami siwezi kumlaumu.

Tamasha za kitaifa za drama na filamu zimekuwa zikipokea kila aina ya kilio cha jamii. Zitengewe zawadi ya mchezo wa Kiswahili unaotazama mbele, na mtaona shule zitakavyokimbilia. Na katika kamati za istilahi, wekeni watunzi wawili au watatu mezani pamoja na wanaisimu. Kabla neno halijaingia kwenye orodha rasmi, mpeni mtunzi alitie kwenye kisa cha kurasa mbili, kisomwe na watoto wa shule ya Kibera na ya Kisumu na ya Lamu. Wakilirudia wakitoka nje kwenda mapumzikoni, lisajilini.

Kuhusu mwongozo wa usahihishaji, naomba jibu kabla ya mitihani ijayo, kwa sababu hilo halihitaji bajeti. Ninazo insha za wanafunzi wangu, pamoja na orodha ya maneno waliyoyabuni na mifano ya jinsi wanavyoyatumia. Wanafunzi wenyewe na wazazi wao wameridhia zisomwe. Nitazileta popote mtakaponiita, na yule msichana wa jiendee amesema yuko tayari kuja kujibu maswali.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili,
Nairobi